Ukitoa waya, umeweka betri

1/7


Niliahidi wiki hii tungeendelea na uji wa lishe. Naomba uji usubiri. Kuna jambo limetokea nyumbani kwangu, na nimekaa nalo siku tisa nikijiuliza niliseme au ninyamaze. Mimi ni nesi. Siku za kliniki nasimama mbele ya akina mama hapa Kaliua, nawaambia dawa iwekwe juu, mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda, maharage yasiachwe mkekani. Halafu jambo lenyewe likatokea sebuleni kwangu, mimi nikiwa nyumba hiyohiyo nakunja nguo.

Nimeona aibu, sikufichi. Ila nikinyamaza kuna mama mwingine hatajua, na yeye huenda asiwe na bahati niliyoipata mimi.

Linahusu joistiki ya gemu. Ndiyo, ule mkono wa kuchezea gemu. Ni ndefu kidogo, nimeigawa vipande saba. Kama una haraka, ruka nenda cha 5, hicho ndicho cha kuokoa maisha. Kama una mtoto wa kiume anayefungua kila redio ya nyumba, soma vyote.

2/7
Baba mdogo wa mume wangu, ambaye watoto wanamwita Babu, aliishi Muscat miaka mingi. Watu wa Tabora mnajua, kuna familia nyingi huku zenye ndugu Oman tangu enzi za misafara. Aliporudi mwaka 1992 alikuja na boksi, likasafiri kwa treni kutoka Dar hadi likashushwa stesheni ya hapa kwetu, pale reli inapogawanyika moja kwenda Kigoma na nyingine Mpanda. Ndani ya boksi kulikuwa na Atari 2600, mashine ya gemu ya Kimarekani iliyotoka mwaka 1977, na joistiki moja nyeusi yenye kitufe chekundu.

Kichekesho ni kwamba huku bara wakati huo hatukuwa hata na kituo cha televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, sisi tulisubiri mpaka 1994. Babu alikuwa na mashine ya gemu na TV ya kuangalia chenga tu. Watoto wa mtaa walikuwa wanalipa kwa maembe ili wacheze.

Mashine ilikufa zamani. Joistiki ikabaki juu ya kabati la Babu, imezungushiwa waya wake kama kuku aliyefungwa miguu. Mwaka huu Babu alimpa mkubwa wangu, yuko kidato cha tatu. Akamwambia, "Mjukuu wangu, ukiifanya hii icheze tena, nitakupa baiskeli yangu."

Mnajua vijana. Hakulala.

3/7
Acha niwaeleze alichofanya, kwa sababu nilikuwa nadhani ni uchawi, kumbe ni kitu ambacho hata mimi nimekielewa.

Aligeuza joistiki, akafungua skrubu nne za chini. Ndani hamna kitu cha kutisha. Kuna kibodi kidogo na swichi tano: juu, chini, kushoto, kulia, na kitufe chekundu cha kupigia. Kila swichi ni kisahani cha chuma chembamba, ukikibonyeza kinagusa chini, njia inafunga. Ukiachia, kinainuka. Basi. Kwenye waya mrefu kuna nyaya ndogo sita: tano za swichi, na mmoja wa pamoja ambao swichi zote zinarudia kwake. Plagi ina matundu tisa, lakini joistiki inatumia sita tu.

Sasa badala ya mashine ya zamani, aliagiza bodi ndogo inaitwa ESP32. Inatengenezwa na kampuni ya Espressif ya Shanghai, ilitoka mwaka 2016. Ni kama kompyuta ndogo isiyo na kioo, urefu wake kama kidole cha kati, na ndani yake kuna Wi-Fi na Bluetooth. Tuliagiza Kariakoo, ikaja kwenye basi kama kifurushi.

Kazi yake ni hivi. Ule waya wa pamoja unaunganishwa upande hasi wa bodi. Zile tano kila mmoja unapelekwa kwenye mguu wake. Programu inaiambia bodi: shikilia kila mguu ukiwa na umeme kidogo, volti 3.3, ukiona mguu mmoja umeshuka hadi sifuri, jua swichi yake imebonyezwa, itangazie simu kwa Bluetooth. Simu yenyewe inadhani imeunganishwa na mkono wa gemu wa dukani.

Kuna tatizo moja lilimsumbua jioni nzima. Kubonyeza mara moja, simu inahesabu mara tatu. Kumbe kile kisahani cha chuma kikigusa hudundadunda kwanza kabla ya kutulia. Ikabidi aandike kwenye programu: ukihisi mguso, subiri milisekunde chache ndipo uamini. Nilicheka. Nikamwambia hata sisi wodini tunafanya hivyo, kipimo kimoja cha ajabu hakitoshi, unarudia.

Mpaka hapo mama mtu nilikuwa na fahari tupu. Nikampiga picha nikaweka status.

4/7
Sasa sikilizeni vizuri.

Joistiki ya zamani haikuwa na betri. Umeme ulikuwa unatoka kwenye mashine kupitia ule waya. Ukikata waya ili iwe ya kisasa, umeme lazima utoke mahali pengine, na mahali pengine maana yake ni betri, ndani ya kitu ambacho watoto watakishika. Hili halikunijia akilini hata kidogo. Nilikuwa naangalia waya unavyoondoka, nafurahi hakuna tena kitu cha kumnyonga mtoto wala kumwangusha mtu.

Mkubwa wangu alitaka betri ndogo ili kila kitu kiingie ndani. Dukani alishauriwa achukue zile za duara bapa, tunaziita betri za saa, zile kubwa kama sarafu. Zimeandikwa CR2032. Hizo namba siyo mapambo: 20 ni upana kwa milimita, 32 ni unene wa milimita 3.2. Zilikuja tano kwenye karatasi ya plastiki.

Jumamosi mchana alikuwa mkekani na vifaa vyake. Kitindamimba wetu, ana mwaka mmoja na miezi minane, alikuwa pembeni anachezea vifuniko vya sufuria. Kijana akaenda chooni. Dakika nne, tano. Mimi chumbani nakunja nguo.

Aliporudi akahesabu. Nne.

Aliniita "Mama" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikatoka. Mtoto amekaa, anatabasamu, mate yanamtoka mpaka kifuani. Sasa huyu alikuwa anaota magego wiki hiyo, mate yalikuwa yanamtoka kila siku. Nikajiuliza: haya ni mate ya meno au ni mate ya mtoto ambaye kitu kimemkwama kooni?

Jamani, miaka yote ya kazi, nikasimama pale kama mgeni.

5/7
HIKI NDICHO KIPANDE CHA KUHIFADHI.

Betri ya duara ikikwama kwenye umio, yaani njia ya chakula, haisubiri kuvuja ndipo iunguze. Nyama ya ndani ina majimaji, majimaji hupitisha umeme, na upande hasi wa betri hutengeneza kemikali kali kama ile soda ya kutengenezea sabuni. Inaanza kula nyama hapohapo. Ndani ya saa mbili madhara yanaweza kuwa makubwa, na shimo linaweza kutokea siku kadhaa baadaye hata kama betri imeshatolewa. Zile za upana wa milimita 20 ndizo mbaya zaidi kwa watoto wadogo, kwa sababu zinakwama na zina volti 3. Na ile "iliyokufa", ambayo haiwashi tena rimoti, bado ina nguvu ya kuunguza.

Dalili: mate mengi, kukataa kula, kukohoa, kutapika, kulia akimeza, kupumua kwa shida. Au hakuna dalili YOYOTE. Wengi huletwa wakidhaniwa wana mafua.

Ukihisi mtoto amemeza:

Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta, wala ugali "wa kusukuma".

Ondoka SASA kwenda kituo chenye eksirei. Usisubiri baba arudi, usisubiri kuona kama itatoka kwa choo.

Kama ana zaidi ya mwaka mmoja, anameza vizuri, na haijapita saa 12 tangu ameze, mpe ASALI njiani. Vijiko viwili vya chai, yaani mililita 10, kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita. Asali inaipaka betri na kupunguza ukali wa ile kemikali. Watafiti wakiongozwa na wa hospitali ya watoto ya Philadelphia walilipima hili kwa vitoto vya nguruwe, wakachapisha mwaka 2018, na kituo cha sumu cha Marekani kinachoitwa National Capital Poison Center kinaelekeza hivyo. Lakini asali HAITIBU. Ni ya kupunguza madhara wakati gari linakwenda. Kama asali iko mbali, ondoka bila asali.

Mtoto chini ya mwaka mmoja HAPEWI asali, inaweza kumletea sumu ya botulizimu. Na zaidi ya asali hiyo, asile wala asinywe kitu mpaka aonwe, kwa sababu huenda akahitaji usingizi wa dawa ili kuitoa.

Ukifika sema neno lenyewe: "Nadhani amemeza betri." Usiseme "kitu". Kwenye picha betri hufanana na sarafu. Tofauti ni duara la pili jembamba ndani ya ukingo, na anayejua anatafuta betri ataliangalia. Kama unayo betri ya aina ileile, au karatasi yake, nenda nayo.

Ikiwa imeingia puani au sikioni, usiweke matone ya aina yoyote, majimaji huzidisha kuungua. Nayo ni dharura hiyohiyo.

6/7
Tuna bahati moja sisi wa huku. Ni nyumba gani Kaliua haina asali? Yangu ilikuwa ya mzinga wa gogo, nyeusi, niliyoletewa na mgonjwa kutoka upande wa Ulyankulu. Mikono ilikuwa inatetemeka, nusu ya kijiko cha kwanza iliishia kwenye gauni langu. Jirani akatoa gari bila hata kuuliza tunakwenda wapi. Mkubwa wangu akakaa nyuma ameshika simu, kazi yake kuhesabu dakika kumi. "Mama, tayari." Dakika kumi nyingine. "Mama, tayari." Mtoto yeye anafurahia asali, anataka na chupa.

Mambo mengine sitayasema. Nitasema tu kwamba nimekuwa upande ule wa meza miaka mingi nikiwaambia akina mama "tulia mama, tulia". Sitalisema tena kirahisi.

Walimpiga picha kuanzia puani mpaka chini kabisa, ndivyo inavyotakiwa. Ilikuwa safi. Hamna betri.

Nilikaa sakafuni pale korido. Kijana wangu akakaa pembeni, hakusema kitu mpaka tunafika nyumbani.

Usiku ule tulipekua nyumba nzima kwa tochi, kwa sababu betri ambayo haiko tumboni bado iko mahali, na mtoto ataamka asubuhi. Tukainua mkeka, makochi, viatu. Ilikuwa saa sita kasoro baba watoto alipoiona. Ilikuwa imenata nyuma ya spika ya redio mbovu, ndani ya kopo la vifaa. Kava la zile betri ni chuma, na spika ina sumaku. Ama mtoto aliitupia humo, ama ilichomoka tu yenyewe kijana alipochana karatasi. Hatutajua.

Asubuhi nikakuta joistiki kwenye ndoo ya taka, pamoja na bodi, pamoja na kila kitu. Mkubwa wangu alikuwa amekaa nyuma ya nyumba. Akaniambia, "Mama, mimi sifai kukaa na mtoto."

Mama zangu, hapo ndipo nilipoogopa zaidi kuliko kwenye gari.

7/7
Niliitoa joistiki kwenye ndoo, nikaifuta, nikamrudishia. Nikamwambia: betri niliiruhusu mimi, mkeka niliuona mimi, mtoto nilimwacha mimi. Wewe ulihesabu. Watu wazima wengi hawahesabu. Sasa tuimalize, lakini kwa sharti la nesi: betri isiyomezeka, na mlango usiofunguka kwa ukucha.

Akafikiri, akarudi na jibu la kunishangaza. Zile betri za saa hata zisingefaa. ESP32 ikiwa inarusha mawimbi huhitaji zaidi ya miliampea 100 kwa wakati mmoja, na betri ile imetengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu, kama wa saa au rimoti. Bodi ingekuwa inazima na kuwaka. Yaani hatari yote ile ilikuwa kwa kitu ambacho kisingefanya kazi.

Kilichofaa kilikuwa kwenye droo ya kila nyumba: betri ya Nokia, BL-5C, ile ya simu za tochi. Volti 3.7, uwezo wa miliampea-saa elfu moja hivi, na ni kubwa kama kisanduku cha kiberiti kilichokandamizwa. Tulitafuta isiyovimba, iliyovimba haitumiki hata kwa dawa. Hakuichoma lehemu betri yenyewe, hilo ni kosa, joto linaweza kuiwasha moto. Fundi simu wa sokoni alimpa kitako cha betri kutoka simu mbovu, nyaya zikachomelewa pale. Bodi nayo akabadilishana na rafiki yake akapata ile yenye soketi ya betri na chaji yake hapohapo. Betri ikakaa upande mmoja, bodi upande mwingine, na ile ncha yenye antena akaiweka mbali na betri ili chuma kisizuie mawimbi. Programu inailaza bodi kama hakuna aliyegusa kwa dakika tano. Halafu zikarudi skrubu nne za Atari, zote nne, zimekazwa kwa bisibisi.

Hizo skrubu ndizo somo langu la leo. Marekani walitunga sheria mwaka 2022, inaitwa Reese's Law, jina la mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyefariki Desemba 2020 baada ya kumeza betri ya rimoti. Inataka kifuniko cha betri za duara kifunguke kwa kifaa, kama bisibisi, au kwa vitendo viwili vya mkono kwa pamoja. Vitu vingi vinavyouzwa kwenye minada yetu havijui sheria hiyo. Kwa hiyo mkaguzi ni wewe.

Usiku huu, watoto wakilala, zunguka na tochi. Rimoti ndogo bapa. Saa ya mkono iliyokufa. Mizani ya jikoni. Kadi ya sherehe inayoimba. Mishumaa ya bandia. Viatu vya mtoto vinavyowaka taa. Ufunguo wa gari. Kipimajoto. Kipima sukari cha bibi. Mimi yangu niliikuta kwenye mkoba wangu wa kazini, kifuniko kimelegea, mkoba wenyewe chini ya kiti. Kila kimoja jiulize: betri yake iko wapi, na ukucha wa mtoto unaifungua? Kama unafungua, kifunge kwa gundipepa ngumu leo, skrubu kesho. Betri mpya weka juu kwenye chombo cha kufungwa. Iliyokwisha funika pande zote kwa gundipepa, usiiache mezani wala usimpe mtoto achezee.

Na ukitoa waya kwenye kitu chochote, au ukinunua kilichotolewa waya, kumbuka umeweka betri.

Jumapili Babu alikuja. Aliishika joistiki, akaitikisa, akauliza waya uko wapi. Kijana akamwambia umeingia hewani. Babu akacheza kwenye simu ya baba watoto akiwa amekaa kwenye kigoda chake nje, sisi ndani. Baiskeli imeshahamia kwetu.

Kitindamimba hajambo. Magego mawili yametoka.

Mkimaliza kupekua, rudini mniambie mmekuta ngapi. Mimi nimekuta kumi na moja. Wiki ijayo uji.